Jiji Moja, Halmashauri Tano, Kivuko Kimoja

Muulize mwanafunzi yeyote wa Mlimani anaishi wapi, atakujibu Dar. Muulize Dar halmashauri gani, ataanza kukuna kichwa. Aliyepanga geto Msewe yuko Ubungo. Aliyepanga Changanyikeni, mwendo mfupi tu kwa boda, yuko Kinondoni. Mshkaji wake wa DUCE pale Chang'ombe yuko Temeke, dada yake anayesoma IFM yuko Ilala, na binamu yao wa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere anavuka pantoni kwenda Kigamboni. Vijana watano, mkoa mmoja, mabaraza matano ya madiwani, wakurugenzi watano na bajeti tano. Na wote wakikutana wikiendi wanalalamikia taka zilezile na mafuriko yaleyale.

Kuna kichekesho kingine. Kisheria, katika hao watano, anayeishi ndani ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni mmoja tu, yule wa IFM. Sisi wengine tuko kwenye manispaa jirani. Tunaishi Dar lakini hatuko Jijini. Ukiwaambia watu hivi kantini wanadhani unaleta utani.

Naandika makala hii kwa sababu naamini halmashauri hizi tano zinapaswa kuunganishwa ziwe mamlaka moja. Najua si hoja ya kuchangamsha. Watu wanataka kusoma kuhusu bumu, ajira na mapenzi. Ila mimi nimezaliwa na kukulia mpakani, na mpaka umetugharimu.

Mtaa wetu umepakana na kijito. Sitautaja jina, maana sitaki mtu wa ofisi yoyote aone nimemlenga. Upande wetu ni halmashauri moja, ng'ambo ni nyingine. Shule ya msingi iliyo karibu iko ng'ambo. Zahanati iliyo karibu iko upande wetu. Kwa hiyo kila asubuhi watoto wetu wanavuka kwenda kule, na wajawazito wa kule wanavuka kuja huku. Katikati kuna kivuko cha miguu, na kivuko hicho kimekuwa cha mbao tangu niko darasa la pili.

Masika ya 2024 mnayakumbuka. Mvua zile zilizojaza Jangwani mpaka barabara ikafungwa zilipita na kwetu. Kijito kilichukua mbao zote usiku mmoja. Mdogo wangu alikuwa darasa la sita. Kwa wiki mbili hakwenda shule, na alipoanza kwenda alibebwa mgongoni na vijana waliogeuza maji yale kuwa mchongo: shilingi mia tano kuvuka, mtoto mia mbili. Mama anauza vitumbua. Mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, siku tano, ni shilingi elfu mbili kwa wiki kwa ajili ya mtoto mmoja kufika shule ambayo anaiona kutoka dirishani kwetu.

Mjumbe wetu wa shina na wenzake waliandika barua. Kwa kuwa nilikuwa likizo, na kwa kuwa ndiye "msomi" wa mtaa, nilipewa kazi ya kuzungusha. Ofisi ya kwanza ilisema nguzo moja ya kivuko iko nje ya eneo lao, hawawezi kutumia fedha za wananchi wao ng'ambo. Ofisi ya pili ilisema kitu hichohicho, kwa nguzo ile nyingine. Ofisi ya tatu ilipokea barua, ikagonga muhuri, ikaniambia nisubiri halmashauri mbili zikubaliane. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyeomba chochote. Wote walikuwa na adabu, na kwa sheria za kazi zao sidhani kama kuna aliyedanganya. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba shida yetu haikuwa mtu mbaya. Shida ilikuwa mstari kwenye ramani, na hakukuwa na mtu juu ya mstari ule mwenye kazi ya kuangalia pande zote mbili.

Zamani mtu huyo alikuwepo, kwa namna fulani. Tusome historia kidogo, siyo ndefu.

Dar es Salaam ilipata hadhi ya jiji Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifuta serikali za mitaa nchi nzima kwa sera ya madaraka mikoani, na halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Sheria tunazotumia mpaka leo, ya mamlaka za wilaya na ya mamlaka za miji, zilitungwa 1982. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 na nusu ya kwanza ya 1990 Dar ilikuwa na halmashauri moja ya jiji zima. Mamlaka moja, ngazi moja. Yaani hiki ninachokitetea si kitu kipya, kimewahi kuwepo.

Kikafa vipi? Mwaka 1996 serikali iliivunja halmashauri ile, jiji likiwa limezidiwa na taka na huduma zikiwa zimedorora. Ikaundwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikaendesha mji mpaka 2000. Tume ilipoondoka, jiji likagawanywa katika manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji ya kuratibu mambo ya pamoja. Mwaka 2016 Ubungo ikazaliwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke, zikawa tano. Kisha Februari 2021 Rais John Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji.

Uamuzi ule ulipigiwa makofi, na si bila sababu. Halmashauri ya Jiji ya zamani haikuwa na eneo lake yenyewe. Madiwani wake walitoka kwenye manispaa zilezile, wakakaa vikao vingine. Mwananchi wa kawaida hakuweza kukuonyesha kitu na kusema hiki kimejengwa na Jiji na hiki na Manispaa. Kuondoa ngazi moja kuliokoa gharama. Lakini ngazi iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa na kazi ya kuangalia pande zote mbili za mstari. Iliifanya vizuri au vibaya, hilo ni jambo jingine. Baada ya hapo zimebaki halmashauri tano zilizo sawa, hakuna iliyo kaka wala mdogo, na ofisi ya Mkuu wa Mkoa ambayo inaweza kuzikutanisha lakini si chombo kilichochaguliwa na wakazi.

Angalia taka. Kwa miaka mingi taka za karibu mkoa mzima zimekuwa zikienda dampo la Pugu Kinyamwezi, ambalo liko upande wa Ilala. Lori linatoka mbali huko Kinondoni, linapita foleni ya jiji zima kwenda kumwaga kwa jirani. Angalia Mto Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu, unapokea maji ya mito ya Ubungo, Sinza na Luhanga, unapita Jangwani, unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Anayejenga kwenye bonde juu anamfurikisha wa chini, na wa chini hana diwani katika baraza la yule wa juu. Ndiyo maana mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, wa mkopo wa Benki ya Dunia, unasimamiwa kutoka serikali kuu. Maji hayajui kata.

Halafu kuna pesa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani kwetu. Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Lakini pesa haikai kwa uwiano huo. Kariakoo iko Ilala. Posta na maofisi yake iko Ilala. Bandari iko mpakani mwa Ilala na Temeke. Mama yangu ananunua unga na mafuta Kariakoo, mwenye duka analipa leseni na ushuru Ilala, na vitumbua vinaliwa na watu wa mtaa usio na mtaro. Sote tunaijenga Kariakoo, wakiwemo wanafunzi wanaokwenda kununua simu na viatu pale kila bumu likitoka. Lakini mapato yake yanaishia kwenye mpaka wa halmashauri iliyobahatika kuwa nayo. Kama mji ni mmoja kiuchumi, mfuko wake ungekuwa mmoja pia.

Hata sisi vijana mpaka unatugusa moja kwa moja. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Rafiki zangu watano wa mtaani, wote wamemaliza kidato cha nne au cha sita, waliamua kuunda kikundi cha kutengeneza sabuni ya maji. Watatu wanaishi upande wetu, wawili ng'ambo. Wakaambiwa wanachama wote wawe wakazi wa halmashauri moja. Ikabidi wale wawili watoke na watafutwe wengine wa kujaza nafasi. Shida ni kwamba mmoja wa wale waliotoka ndiye aliyekuwa anajua kuchanganya sabuni. Kikundi kilisajiliwa, kikapiga picha na cheti, sabuni haikutengenezwa mpaka leo.

Basi ningeishia hapa na kusema unganisheni tu. Lakini kuna mzee wa mtaani kwetu aliyenikatisha, na nimeona ni haki mumsikie.

Ni jirani yetu, mstaafu, amekaa Dar tangu miaka ya sabini. Nilimkuta barazani kwake, nikamsalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mama anasema unazunguka na barua."

Nikamweleza. Nikamweleza na wazo langu la kuunganisha, kwa mbwembwe zote za mtu aliyetoka kusoma utawala muhula uliopita. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilikuwepo wakati wa Tume," akasema. "Taka zilizolewa, sikatai. Mji ulianza kupumua. Lakini nilipokuwa na shida sikuwa na diwani wa kumfuata. Leo diwani wetu simpendi, ila najua nyumba yake. Akipita hapa namwita. Sasa wewe unataka halmashauri moja ya watu milioni tano. Huyo mkurugenzi atajua kijito chetu?"

Nikamwambia hata hawa wawili wa karibu hawajakijua. Akacheka.

"Hilo nalo kweli. Lakini aliye karibu unaweza kumwaibisha."

Swali lake lilinikaa kichwani, nikaenda kutafuta kwingine wamefanyaje. Nitaje mifano miwili.

Wa kwanza uko kwa majirani. Kenya ilikuwa na serikali za mitaa 175: majiji, manispaa, mabaraza ya miji na ya kaunti. Katiba ya 2010 ilizifuta, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 nafasi yake ikachukuliwa na kaunti 47. Kaunti nyingi zilimeza mabaraza kadhaa kwa mpigo, pamoja na wafanyakazi wake na madeni yake. Faida ni kwamba kuna gavana anayechaguliwa na watu wa eneo zima na mgao wa fedha uliowekwa kwenye katiba. Lakini kuunganisha hakukuipa kila kaunti nguvu. Nairobi ni kaunti moja, haina manispaa tano, na bado mwaka 2020 baadhi ya majukumu yake makubwa yalihamishiwa chombo cha serikali ya taifa, yakarudi kwa kaunti 2022. Kuwa mamlaka moja hakukinga mtu kunyang'anywa kazi.

Wa pili uko Uingereza. Aprili 2023 eneo la Somerset lilivunja halmashauri yake ya kaunti na nne za wilaya, zote zikawa halmashauri moja ya ngazi moja. Hoja ilikuwa hiihii yangu: huduma moja, mlango mmoja, gharama pungufu. Novemba ya mwaka huohuo halmashauri mpya ilitangaza hali ya dharura ya kifedha, hasa kwa sababu gharama za kutunza wazee na wagonjwa zilizidi mapato. Kuunganisha hakukuzaa pesa. Kama vyungu vitano vina njaa, ukivimimina kwenye sufuria moja unapata njaa kubwa.

Kwa hiyo tujiulize kilichomo vyunguni. Halmashauri zetu za leo zimebaki na nini hasa? Maji ni ya DAWASA. Mabasi ya mwendokasi ni ya DART. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA. Kodi ya majengo, iliyokuwa pato kubwa la miji, ilihamishiwa TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme wa geto mwanzo wa mwezi ukaona uniti zimepungua, basi mojawapo ya sababu ni hiyo. Kilichobaki ni shule za msingi na sekondari, zahanati, masoko, taka, leseni, vibali vya ujenzi na ile asilimia 10. Si vitu vidogo. Ni karibu vyote ambavyo mama yangu anavihitaji kwa siku. Lakini ni wazi kwamba ukiunganisha halmashauri tano bila kurudisha chochote, utapata bango kubwa zaidi juu ya mlango uleule.

Baada ya yote hayo bado nasimama pale nilipoanza, ila sasa nina masharti. Nayaandika hapa ili tubishane.

Kwanza, mamlaka moja ipewe kazi kamili ya mambo yanayovuka mipaka: mito na mitaro, taka na madampo, masoko makubwa, vituo vya mabasi, mipango miji. Na irudishiwe chanzo cha mapato cha kutosha kufanya kazi hizo. Kodi ya majengo ingefaa, kwa sababu nyumba haihami na mtaro unapita mbele yake.

Pili, ofisi za sasa zibaki zilipo kama vituo vya huduma. Mtu wa Kigamboni asipande pantoni kwenda kutafuta muhuri Posta. Kuunganisha uamuzi hakulazimishi kuunganisha foleni.

Tatu, na hili ni kwa ajili ya yule mzee, serikali ya mtaa ipewe fungu lake. Leo mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa kwa kura, anasuluhisha ugomvi wa ndoa, anaandika barua za utambulisho, lakini hana hata shilingi ya kununua ubao. Kama baraza litakuwa mbali zaidi, basi chini lazima pawe na mtu wa karibu mwenye uwezo wa kufanya kitu. Kivuko cha miguu hakihitaji kupita kwa mkurugenzi wa watu milioni tano. Kinahitaji mwenyekiti wawili, bajeti ndogo na fundi mmoja.

Nne, mgao uandikwe kwenye sheria. Kwa hesabu ya sensa ile mkoa ulikuwa na kata 102. Kigamboni ina 9, Ilala 36. Kwenye baraza moja Kigamboni itapigiwa kura kila siku na kushindwa kila siku, wakati ndiyo inayojengwa upya na ndiyo yenye njia nyingi zisizo na mtaro. Bila kanuni ya mgao inayotazama idadi ya watu na mahitaji, kuunganisha kutakuwa jina la heshima la kumezwa.

Na tano, madiwani wachaguliwe kama kawaida tangu siku ya kwanza. Tume ya 1996 ilisafisha mji, lakini ilikaa miaka minne bila mtu aliyepigiwa kura. Usafi usiwe bei ya kukosa mwakilishi.

Najua kuna watakaosema haya ni ya wakubwa, sisi tusome tumalize tuondoke. Hesabu kidogo. Wengi wetu tukimaliza hatuondoki. Tunahamia Mbezi, Tegeta, Chanika, Mbagala, Kibada. Tunapanga chumba mpakani mwa halmashauri mbili kwa sababu ndipo kodi iko chini, na kodi iko chini kwa sababu hakuna mtaro. Wanaosoma mipango miji, sheria na uhasibu kwenye kumbi zetu ndio watakaokaa katika zile ofisi na kugongewa mlango na mtoto wa muuza vitumbua mwenye barua.

Kivuko chetu kwa sasa kipo. Wakazi wa pande zote mbili walichanga, elfu mbili kila kaya, fundi akaweka vyuma vya chini na mbao mpya juu. Mjumbe wa kwetu na wa ng'ambo walishika daftari moja, wakasoma hesabu mbele ya watu Jumapili baada ya misa na wakarudia jioni baada ya swala ya alasiri kwa waliokosa. Kaya ambazo hazikuwa na elfu mbili zilileta mchanga. Mdogo wangu yuko sekondari sasa, anavuka bure. Mikutano ya mtaa kwetu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na ule ujao nimeomba ajenda ya mpaka iwekwe ya pili, baada ya taka. Na wewe uliko, uliza mkutano wa mtaa wako ni lini.